Kanga Niliowaandika Msituni

Baba Mkubwa Yohana, mwenye kikao. Mama yangu mpendwa. Wajomba na mashangazi. Mdogo wangu Roda, na ninyi nyote mliokusanyika hapo Mvumi kuanua matanga ya Baba: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Namshukuru binamu Mathayo anayewasomea. Mama, goti linaendeleaje? Mimi ni mzima; nakula, nalala.

Nimepata habari kwamba mnaningoja mimi, kifungua mimba, mnikabidhi usimamizi wa nyumba na shamba. Kabla sijajibu, niruhusuni nieleze jambo.

Kazi yangu huku Lindi ni kuhesabu ndege katika kipande cha msitu kilichosalia katikati ya mikorosho. Tunasimama mahali pamoja dakika kumi, kimya, tukiandika tunaowaona au kuwasikia. Simu haishiki humo. Nilipotoka siku ya sita, ujumbe wa Roda ulinikuta barabarani: Baba alikwisha kuzikwa. Nikausoma, nikatia simu mfukoni, nikafunga kamba za viatu. Kesho yake nikarudi kuhesabu. Sikulia. Hata leo sijalia, wala sijui kwa nini.

Asubuhi hiyo niliandika kanga, vituo vitatu mfululizo. Kiongozi wetu, Bi Salma, akasoma daftari akacheka.

"We Mgogo, kanga wa mtama wenu wamekufuata mpaka huku? Huyu wa msituni ni kororo, mwenye kishungi!"

"Baba alikuwa akinituma niwafukuze shambani," nikamjibu. "Amezikwa wiki hii."

Akanirudishia daftari. Kisha akanipa kalamu. "Pole, mwanangu. Lakini kata. Usiyemsikia humwandiki."

Nikakata mara tatu, kwa mistari iliyonyooka.

Wazee wangu, Roda ndiye aliyemgeuza Baba kitandani, akamnywesha uji, akasikia neno lake la mwisho. Mimi sikusikia. Najua Baba Mkubwa atauliza, "Na Roda akiolewa akaondoka?" Mimi mwanamume sijaolewa, na nimeondoka.

Mnisalimie Bibi wa Mlali, ambaye miguu imemzuia kufika, na shangazi aliyenifulia shuka za bweni.

Uamuzi wangu ni huu: nafasi hiyo siichukui. Msimamizi awe Roda. Baba Mkubwa, ufunguo wa ghala mlionitunzia umo mfukoni mwako. Mkabidhi sasa, kikao kikishuhudia. Nawe Mathayo, ukifika hapa nyamaza, usisome jina langu mpaka ufunguo uwe mkononi mwake.

Mwana wenu,
Elia