Mtoto Hufuata Hali ya Mama

Shard End, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Yaya wangu Gisèle,

Dada yangu mkubwa, pokea salamu za mdogo wako, na uzipokee ukiwa umeketi. Nakujua, utataka kuisoma barua hii umesimama jikoni na mwiko mkononi. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze hapo Bujumbura? Shemeji yangu Baba Hugues je, dawa za presha anazimeza au bado anabishana na daktari? Na binti yangu Précieuse, uliyemlea tangu akiwa na miaka sita, natumaini ni mzima na sauti yake bado inasikika kwaya nzima.

Mimi nipo, Yaya. Mwili unajikokota. Kifua kinanisumbua kwa sababu nyumba hii ina unyevu, ukuta wa chumbani unaota ukungu hata nikiupaka chokaa. Leo kanisani Ladywood tumemwombea mama mmoja Mkenya aliyefiwa. Tuliimba kwa Kiswahili chetu na chao, kila mtu akivuta upande wake, lakini Mungu bila shaka alielewa.

Nilikwambia kwamba nilipata kazi ya kumsaidia mwalimu katika shule moja ya sekondari huko Stechford. Huwa naketi kando ya watoto ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Mwalimu wao wa historia anaitwa Mark, mtu mwema anayeongea mbio kama anafukuzwa. Aliposikia kwamba kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa nafundisha historia, aliniuliza kama ningependa kufundisha somo moja mwenyewe, la jinsi Amerika ilivyoanza. Yaya, tangu tukimbie vita hakuna mtu aliyewahi kuniomba nisimame mbele ya darasa. Nilisoma wiki nzima. Nilipiga pasi ile blauzi ya kitenge uliyonishonea.

Basi Alhamisi nikasimama. Niliwaeleza jinsi Waingereza wa kwanza walivyofika Virginia na wengi wao wakafa kwa njaa. Nikawaeleza juu ya meli iliyowaleta watu weusi mwaka 1619, watu waliotekwa Angola, majirani zetu kabisa. Nilipofika kwenye chai iliyotupwa baharini Boston, mvulana mmoja, Sanjay, alisema kwamba bibi yake angelia msiba kwa chai yote hiyo. Darasa likacheka, nami nikacheka. Kwa dakika chache, Yaya, nilikuwa tena mimi yule wa Uvira.

Halafu nikawaambia kwamba wengi hudhani Amerika iligeuka mwaka 1776, walipoandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mimi naona iligeuka zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, Virginia, kwa sheria fupi ya mwaka 1662. Kwa desturi ya Waingereza mtoto alifuata hali ya baba. Lakini mabwana walikuwa wakizaa na wajakazi wao, na hawakutaka watoto hao wapate uhuru. Wakaamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Akiwa huru, mtoto ni huru. Tangu hapo, utumwa ukaanza kurithiwa tumboni.

Msichana mmoja Msomali, Sahra, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, aliinua mkono. Akauliza: "Miss, na kama mama alipata uhuru baada ya kumzaa?"

Nikamjibu kwamba hapo sheria haikumsaidia mtoto. Mama angeweza kwenda zake akiwa huru. Mtoto alibaki pale pale alipozaliwa.

Akasema hiyo si haki. Nikamwambia ndiyo, si haki. Kisha nikageukia ubao nikaandika kitu ambacho hata sikumbuki ni nini. Kengele ilipolia Mark alinipa mkono, akasema hajawahi kuwaona wakitulia hivyo. Nikamshukuru, nikaenda kujifungia chooni.

Yaya, sasa nikwambie. Asubuhi ile ile, nikiwa ndani ya basi, mwanasheria wetu Kulwinder alinipigia simu. Rufaa yetu ya kumleta Précieuse huku imekataliwa. Nilipokuwa nikimjibu Sahra nilikuwa tayari najua. Nilimwuliza Kulwinder kama kuna mlango mwingine wa kubisha. Akasema hataki kunidanganya, hakuna. Hakimu ameona kwamba maombi yetu yalifika Précieuse akiwa ameshakuwa mtu mzima. Ile miaka niliyokaa kambini Uganda nikidhani mmekufa nyote, hawaihesabu. Na ameandika kwamba Précieuse ana familia huko iliyomlea vizuri. Usijilaumu kwa hilo, nakusihi. Ulimlisha, ukamsomesha, ukampenda, na hayo ndiyo yaliyonishinda mahakamani.

Labda siku moja nitakuja kumtembelea, kama mgeni. Kumleta siwezi.

Sikutuma habari hii kwa simu kwa sababu Précieuse ndiye anayekusomea ujumbe, maana herufi za simu ni ndogo kwa macho yako. Barua hii nampa Maman Béatrice anayesafiri kesho kuja huko. Mweleze wewe, kwa wakati utakaouona unafaa. Mwambie aache kulisoma lile daftari lake la Kiingereza usiku kucha. Ile nafasi ya chuo cha uuguzi aliyoikataa akisema anakuja Birmingham, akaiombe tena. Yule kijana mwalimu, kama bado anamsubiri, asimzungushe. Aanze maisha. Hapa hakuna tena cha kungoja.

Na jambo moja la mwisho. Tukizungumza kwenye simu huwa namsikia akikuita Mama, halafu anashtuka, anajirekebisha na kusema Mama Gisèle, ili nisiumie. Mwambie asijirekebishe tena.

Nisalimie Baba Hugues na wote wa nyumbani, na majirani wanaonikumbuka. Bwana awafunike ninyi, hata kama kwangu amekawia.

Ni mimi mdogo wako,
Goretti