Wimbo Wako Umeimbwa Kukushinda

Mama,

Nimekalia debe nyuma ya jikoni. Mtoto amelala, sijui kwa muda gani, kwa hiyo nitaandika haraka na wewe utanisamehe mwandiko.

Nilijifungua miezi miwili baada ya kukuzika. Msichana tena. Yule wa kwanza ulinisaidia kumlea, nikadhani najua kulea. Kumbe nilikuwa najua kukupa mtoto wewe. Huyu analia, Mama. Nikimfunga mgongoni analia, nikimlaza kivulini analia. Mume wangu anatoka alfajiri kwenda kazini Eldoret, na mahindi yalikuwa yamemezwa na magugu. Tangu tugawiwe hivi vipande vya shamba la mzungu, kila jirani anaangalia nani analima na nani amelala. Wiki iliyopita nzima nilipalilia mistari mitatu. Nachoka mpaka nasahau kama nimekula.

Nilimwimbia wimbo wako. Ule ulioutunga tulipokuwa bado tukichuma maua ya pareto ya watu, kabla hatujawa na chetu. *Nyamaza, lala, wa nyumba ya pili asikusikie. Moyo wake jiwe la kusagia, kifuani hana tone.* Tulikuwa tunacheka, mimi na wewe. Wa nyumba ya pili alikuwa Mama Mdogo, mke wa pili wa Baba, ambaye Mungu hakumpa mtoto. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka kwetu, nawe ukifika kwenye jiwe la kusagia ulikuwa unapandisha sauti.

Na sauti yenyewe, Mama, tuseme ukweli, hukuwa nayo. Hata kanisani wenzako walikuwa wanakusukuma nyuma, na wewe unajua. Lakini niliamini hakuna mwingine wa kuuimba. Unakumbuka sherehe ya Uhuru pale sokoni, vijana wa mjini walipopiga ule wimbo wa santuri ya Wakongo, mume wangu akasema hawa wamewashinda wenyewe? Ulimkata palepale. "Mwigaji hana uchungu. Wimbo ni wa aliyeulilia." Nikakubaliana na wewe, mpaka Jumanne iliyopita.

Tangu mazishi Mama Mdogo alikuwa ameniomba mtoto mara tatu amshike tu. Mara ya kwanza nikasema ana homa. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu sikujibu. Niliona nikimpa nitakuwa nimekusaliti, na wewe huna tena mdomo wa kujitetea.

Jumanne mchana mtoto alikuwa analia kivulini, mimi niko katikati ya mahindi. Nikamwona Mama Mdogo anavuka mpaka kutoka kipande cha Baba, anainama, anamwinua. Hakuomba ruhusa. Nikatoka na jembe mkononi, nimeshapanga maneno ya kumwambia. Ndipo nikamsikia anamsalimu.

"Mke mwenzangu. Umerudi kunitukana tena?"

Nilimpa mtoto jina lako, Mama, Wambui, kama inavyotakiwa kwetu kwa msichana wa pili. Na unajua anayebeba jina ndiye mwenyewe. Alikuwa anaongea na wewe.

Halafu akauimba. Wote. Nilingoja aruke jiwe la kusagia, hakuruka. Alifika kwenye kifua kisicho na tone akapunguza mwendo, pale ambapo wewe ulikuwa unakimbia ili tucheke, yeye akakaa hapo, sauti chini, akimpapasa mtoto mgongo. Wambui alikuwa ameshanyamaza kabla ya mstari wa pili.

Nikamuuliza swali la kijinga, eti aliujulia wapi.

"Miaka tisa, Njeri, kupitia ukuta wa mabanzi," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnausikia tu. Mimi ndiye niliyekuwa naimbiwa."

Nililia, Mama. Yeye hakulia. Akaniambia nikamalize kupalilia, mvua inakuja.

Ameuimba kukushinda. Siku nne nimejaribu kujidanganya kwamba ni sauti tu, kwamba sauti nzuri hupamba chochote. Si sauti. Ulijua anasikia, Mama? Ulijua. Mimi pia nilijua, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kunyamaza, na nikacheka. Sisemi hili kukuhukumu. Nakukumbuka kila saa, nikikoroga uji nakuona mkono. Lakini ningetaka uwe hai hata siku moja, usimame pale kwenye mahindi usikie.

Sasa kila asubuhi nampeleka Wambui kwake. Mistari iliyobaki ni michache. Wambui akikua nitamwambia aliyeutunga wimbo ni nani, ulimhusu nani, na kwamba tulicheka. Nitamwambia mimi kabla hajaambiwa na watu. Ila kuuimba nimemwachia Mama Mdogo. Kasirika ukitaka, lakini kesho asubuhi nitampeleka tu.

Na ahadi ni hii. Nikijaliwa msichana mwingine, najua zamu ni ya dada yako mkubwa. Yeye tayari ana watoto saba wanaoitwa jina lake. Mama Mdogo hana hata mmoja. Jina litakuwa lake, nami nitamwambia Baba mwenyewe, na nitasimama hapo mpaka akubali.

Pumzika, Mama. Ameamka, namsikia.

Mwanao,
Njeri