Wilaya Yetu Kwenye Sinia

Baba Rehema mpenzi,

Huku Toronto theluji imefika magotini, ila kwa dada Zuhura, hapa Malton, pilau haikosekani.

Jana mchana tukiwa tumezunguka sinia, shemeji akauliza, "Hivi hiyo wilaya yenu ya Ujerumani ina nini hasa?" Nikalundika pilau kuwa vilima, nikapitisha mchuzi kuwa mto, nikapanga viazi kuwa vijiji. Kachumbari ikawa malisho ya ng'ombe wa maziwa, na njiti za meno mitambo ya upepo. Nikawaeleza kwamba kiwanda cha mbao kimefungwa, vijana wanahamia mjini, na sasa baraza la wilaya linataka kuliondoa basi la bonde la mashariki, kule ninakowauguza wazee nyumba kwa nyumba.

Bonde lilikuwa upande wa shemeji. Akapeleka mkono alichote. Nikaudaka!

"Shemeji, huko bado wanaishi watu!"

Wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Dada akanitazama. "Wewe si ndiye uliyesema udiwani huuwezi?"

Niliondoka huko nyumbani Ujerumani nikisema nitafikiri. Basi, nimeshafikiri. Waambie wale wa chama walioniomba nigombee, waandike jina langu. Nibusie Rehema, na usimwache paka alale upande wangu wa kitanda. Na ukipanda basi la bonde, mwambie dereva asitafute kazi nyingine.

Wako nikupendaye,
Mama Rehema