Neno Moja la Kizungu kwenye Mazishi ya Baba

Jumapili mchana. Upepo unaleta vumbi la machimbo ya mawe mpaka ndani ya sufuria, na wenye hema wamekuja kuling'oa. Nina hasira hata chai nimeimwaga nje.

Jana tulimzika Baba hapa Kitengela, nyuma ya nyumba. Wasifu wake uliandikwa na kaka yangu mkubwa, Ndung'u, kwa sababu ndiye mwenye digrii, na kwetu mtu akifa husifiwa kwa Kizungu hata kama hakuwahi kukiongea akiwa hai. Karatasi za kung'aa, picha za rangi, Kizungu mwanzo hadi mwisho. Mama alikaa kiti cha mbele, akiitikia kwa kichwa kila wengine walipoitikia. Mama anajua Kikuyu, Kiswahili, na Kimaasai cha kununulia mbuzi. Basi.

Eti Baba alikuwa "an egregious farmer".

Nililitafuta hilo neno kwenye simu pale pale nilipokaa. Zamani lilimsifu mtu aliyewapita wenzake kwa ubora. Siku hizi watu hulitumia kwa ubaya uliopita kiasi. Baada ya chakula nikamwonyesha Ndung'u, naye akanicheka. "Wachana na mimi. Hiyo ni English ya watu wamesoma." Wengi hawakulijua pale hemani, na wazee walilipigia makofi. Neno naweza kumsamehe.

Ninachoshindwa kusamehe ni kile alichokifuta.

Mama aliomba jambo moja tu lisemwe. Alipomzaa huyo huyo Ndung'u, mgongo ulimshika akashindwa kuinuka kwa miezi. Baba akawa anateka maji mtoni na kuyabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile wanawake wetu hubeba. Wanaume wenzake walimcheka mpaka sokoni Bisil. Dada yake mwenyewe alimcheka. Hakuacha. Mama alitusimulia hayo tulipokaa kupanga mazishi, akiona haya kidogo, na nilimwona Ndung'u akiandika.

Jana nilipomuuliza yalienda wapi, alikuwa anachokonoa meno. "Mabosi wangu wako hapo, alafu niwaambie mzee alikuwa anabeba maji kama mama?"

Maji hayo uliogeshwa nayo wewe, mjinga wewe! Sikumwambia. Wageni walikuwa wengi, nikaenda kukusanya sahani.

Watu walipopungua, Mama akanivuta kando. "Nyambura, ile ya maji wamesoma?"

Nikamwambia, "Ndio, Mum. Wamesoma."

Akajifuta macho kwa leso. "Sawa. Sasa watu wamejua vile alinipenda."

Nimemdanganya mama yangu siku ya kumzika mumewe. Namchukia Ndung'u kwa hilo, namchukia kabisa, lakini mdomo uliosema uongo ni wangu.

Leo Mama ameamka mwepesi, amekunywa uji wote. Kesho shangazi anakuja kumwona, yule yule dada yake Baba aliyemcheka. Shangazi alikuwa mwalimu, Kizungu anakijua vizuri, na jana alisikia kila kitu. Mama ameniambia anamngoja kwa hamu. Anataka kumuuliza alijisikiaje iliposomwa ile ya maji mbele ya watu wote.

Nimempigia Ndung'u. Nimemwambia afike kabla ya shangazi, akae chini mbele ya Mama, ayaseme mwenyewe kwa Kikuyu, yote, na kamba ya kwenye paji la uso pia. Amesema kesho ana mkutano. Nikamwambia Baba hakuwa na mkutano. Amenikatia simu.

Haya. Mama yuko nje anaanua nguo. Siwezi kungoja shangazi amwambie.

Nitaanza na uongo wangu, halafu nitamtaja aliyefuta.