Bibi wa Kwenye Katuni Haondoki

Baba Watoto,

Chakula kipo jikoni, kipashe. Mtandao umekatika tena, naenda kufanyia kazi kwa dada. Mchukue mtoto shule saa tisa, usisahau.

Mama yako hajagusa chai. Kosa ni langu. Asubuhi nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na mteja, sauti juu, mlango wazi. Si unamjua yule bibi wa katuni, niliyemchora nikimtazama mama akitembea sebuleni? Mteja aliipitisha michoro mwezi uliopita, ndipo wenzangu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakaanza kuitia mwendo na sauti. Leo anasema, “Huyo kizee anatembea polepole mno, anachosha, mtoeni.” Nami kwa uchovu nikaitikia, “Sawa.” Kugeuka hivi, mama yuko mlangoni.

~~Mweleze kuwa kazi ni kazi.~~ Usimweleze kitu. Kaa naye tu, na hiyo simu uiweke kando.

Nilimwomba radhi. Akanijibu, “Usijali mwanangu. Waambie nitatembea upesi.”

Nimelia ngazini kama mtoto. Nikifika kwa dada, nampigia mteja: bibi haondoki, na mwendo wake ni ule ule. Asipotaka, atafute wachoraji wengine.

Mama Watoto