Mto wa Dansi Ukutani

Manundu, Korogwe
28 Juni 1973

Dada yangu Zuena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wapwa zangu wote, na kwamba mahindi ya kijiji yamevunwa salama. Huku Manundu hatujambo. Mguu wangu umepona, naweza tena kupanda ngazi na kopo la rangi mkononi, na kwa fundi wa mabango hiyo ndiyo afya yenyewe.

Ngazi nimeipanda sana mwezi huu. Bwana Utamaduni wetu mpya, Jonathan, ameniagiza nichore historia ya muziki wa dansi wa Korogwe na Handeni kwenye ukuta wa ukumbi, ili wageni wa Saba Saba waielewe kwa kutazama tu. Mwanzo niliichora kama reli ya Tanga, kila bendi stesheni yake. Watu wa Handeni wakaja juu, wakauliza wao treni wapandie wapi. Nikafuta yote. Sasa ni Mto Pangani, na kila bendi ni kijito. Nyekundu ni tarumbeta, kijani ni gitaa, na upana wa maji ni wingi wa watu waliokuwa wakija kusikiliza. Bendi ikifa, kijito kinakauka.

Shida ikaja kwenye miaka ya kabla ya Uhuru. Bendi tatu, pamoja na ile iliyokuwa ikijaza ukumbi hapa Manundu, zinatoka mahali pamoja, nami mahali hapo nikapaacha peupe. Bwana Jonathan akasema hayo ni maji yanayotoka hewani. Mzee Habakuki, yule Msambaa mpiga tarumbeta, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema sisi Wazigua hata chanzo cha mto tunakificha. Alitaka kutaja jina. Nikamwambia kama ananipenda afunge domo lake.

Unajua kwa nini. Bendi hizo ni wale vijana waliokuwa wakikupigia ukiimba klabuni Mkumbara, wakatawanyika ulipoolewa. Na unajua mama alivyotuapisha tuseme kwamba miaka ile ulikuwa kwa shangazi unajifunza kushona, mumeo asije akajua, kitumbua kikaingia mchanga. Historia yenyewe haisimami bila wewe, lakini sikuwa tayari kukuvunjia nyumba kwa ajili ya ukuta.

Basi juzi mumeo mwenyewe, shemeji Rehani, akaja kuleta sampuli za mahindi ya kijiji kwa maonyesho. Lahaula! Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akauliza nyekundu ni nini, kijani ni nini, nami nikamweleza jasho likinitoka. Kisha akaniomba brashi. Pale peupe akaandika, kwa herufi zake zile za elimu ya watu wazima: ZUENA BINTI MBARUKU.

Akaniambia kuwa alipokuwa kijana akikata mkonge, alikuwa akisimama nje ya dirisha la klabu kila mlipopiga, na alipoleta posa kwetu alijua anamposa nani. Habari ya shangazi na kushona aliisikia, akainyamazia kwa kuwa aliona inakupa amani.

Halafu akauliza kwa nini kijito chako, kile nilichokiacha cheupe, nimekikausha mwaka ulipoolewa. Nikajibu kwamba hapo ndipo ulipoacha kuimba. Akasema hujaacha. Unaimba ukitwanga, ukidhani amekwenda shamba, kumbe yeye huzunguka nyuma ya jiko akakaa.

Hilo la nyuma ya jiko alinikataza nisikuambie, asije akakutia haya ukaacha. Nimeshindwa, Dada. Nimelia kwa furaha, mtu mzima mimi.

Kijito chako nimekifikisha mwaka huu. Ni chembamba kama uzi, kwa kuwa kanuni ya ukuta ni ileile, na msikilizaji ni mmoja.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mpe mkono wangu. Saba Saba njooni pamoja. Na kesho ukishika mchi, imba, wala usigeuke nyuma.

Ni mimi mdogo wako,
Mdoe