Kalamu ya Mkaguzi

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Ukungu mpaka saa nne. Chaki zimebaki vipande vitatu. Kalamu yangu ya wino imeanza kuvuja tena. Baba aliinunua Same nilipomaliza chuo cha ualimu, ikifa nitalia.

Darasa la tano bado wanasema "Give to me the banana." Nimesahihisha mpaka koo limekauka. Ukimtaja mtu kwanza, kitu kinafuata: "Give me the banana." Ukitanguliza kitu, lazima "to" isimame kabla ya mtu: "Give the banana to me." Give, show, send, bring, vyote hivyo. Kwangu si jambo gumu. Kwao ni mlima juu ya mlima.

Mchana Mwalimu Mkuu alitusomea barua. Mkaguzi wa shule anapanda kuja huku Jumatatu ijayo. Akiridhika na Kiingereza chetu, darasa la sita litafunguliwa hapa hapa Januari. Asiporidhika, watoto watatakiwa kwenda shule ya bweni, ng'ambo ya mlima. Wavulana wataenda. Wasichana wangu saba, hakuna baba atakayewaruhusu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeacha ubao. Leo nimeingia na mkungu wa ndizi mbivu. Mwanafunzi wangu Senzota akampa ndizi Nakijwa, mmoja wa wale wasichana saba, naye Nakijwa akasema sentensi yake sawasawa. Nikanyoosha mkono kuichukua nimpe mwingine.

Darasa zima likaguna. Nyuma mmoja akanong'ona kwa Chasu, lugha yao ya nyumbani, kwamba mwalimu anapokonya. Uso ulinichoma. Kitu ukipewa mbele ya watu, ukakipokea kwa mikono miwili, ni chako. Hata kwetu Kileo ndivyo tulivyolelewa, na mimi nimesahau kwa sababu ya hofu ya mzungu mmoja.

Nikamrudishia Nakijwa ndizi yake. Nikatangaza sheria: katika somo langu, aliyepewa amepewa. Wakapiga makofi.

Jumatano, 5 Agosti

Sheria inafanya maajabu. Nimeleta tangawizi, mahindi ya kuchoma, kipande cha sabuni. Kila mtu anataka kuwa "me". Hata Eliakunda, ambaye tangu Januari hakuwahi kufungua kinywa, amesema "Show me the soap," kisha "Give me the soap," akaondoka nayo. Sasa sina sabuni.

Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani. Amesema nimegeuza darasa kuwa gulio, na nitajuta. Huenda.

Nakijwa ameuliza kwa nini "Teach me the sum" inafaa na "Explain me the sum" haifai. Nikamwambia ndivyo wenyewe wanavyosema. Hakuridhika, na ana haki. Daftari lake limejaa mpaka pembeni, na anaandika kwa kipande cha penseli kifupi kuliko kidole gumba changu.

Ijumaa, 7 Agosti

Usingizi mbaya. Nimeota mkaguzi anaomba ndizi na hakuna anayejua kumpa.

Nimewaza njiani: kwetu anayepewa anakaa ndani ya neno lenyewe. Nipe. Mpe. Wape. Huwezi kutamka tendo lile ukamwacha mtu nje. Waingereza wanaweza. Nimependa wazo hili kwa dakika tano, halafu hofu ikarudi.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu vitenzi. Nimepiga pasi kaptula mara mbili, na bado ina mkunjo.

Jumatatu, 10 Agosti

Amekuja. Mkaguzi aliacha gari chini, akapanda kwa miguu, akafika amelowa jasho. Si mtu mbaya. Hili nitaliandika kwanza.

Watoto walikuwa moto. Ndizi zilizunguka, sentensi zilitoka bila kukwama. Mkaguzi akacheka, akasimama naye aingie mchezoni. Akachomoa kalamu yake ya wino mfukoni, nyeusi, yenye mkanda wa dhahabu, akampa Nakijwa. Akamtaka aseme kilichotokea.

"You gave me your pen," akasema. Halafu, bila kuombwa: "You gave your pen to me."

Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Darasa likapiga makofi kama kawaida yetu. Akarudi kukaa, akailaza kalamu ndani ya daftari lake, akalifunga.

Mkaguzi akaketi kuandika ripoti. Akapapasa mfuko. Akanitazama, bado anatabasamu. Mwalimu Mkuu naye akanitazama, yeye hatabasamu.

Nikaenda hadi kwenye dawati la Nakijwa. Nikamwambia alete kalamu. Akainua macho.

"Nimepewa, mwalimu," akasema polepole.

Nikafungua daftari, nikaichukua mwenyewe, nikamrudishia mkaguzi. Hakuna aliyeguna. Heri wangeguna.

Kalamu yangu ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote. Ningeweza kumwazima mkaguzi, nikamweleza desturi yetu baadaye. Nataka kuandika kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka. Niliogopa ingemvujia kwenye ripoti.

Jumanne, 11 Agosti

Nakijwa hakuja. Wanasema amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Labda ni kweli.

Jumatano, 12 Agosti

Amekuja. Nilimwita mbele na Senzota. Akapokea ndizi kwa mkono mmoja, akasema sentensi bila kosa, akairudisha mezani kabla sijasema neno. Na aliyefuata akafanya hivyo hivyo. Darasa zima. Mwisho wa kipindi mkungu ulikuwa mzima juu ya meza. Sikuweza kula hata moja.

Nimeona aibu kubwa kuliko kama ningeshindwa ukaguzi.

Alhamisi, 20 Agosti

Barua kutoka Same. Darasa la sita limekubaliwa. Mkaguzi ameandika kwamba hajaona somo changamfu kama lile. Mwalimu Mkuu amenishika mkono mbele ya walimu wote. Mama mmoja ameniletea makande.

Wasichana saba watasoma. Hilo ndilo nililolitaka. Najiambia hivyo tangu asubuhi, na bado namwona Nakijwa akifunga lile daftari.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimepanda kwa akina Nakijwa baada ya chai. Mama yake alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Nikamwambia nina neno na binti yake, na nataka watu wote wa nyumbani wawepo. Wakaja, hata bibi.

Nikasimama. Nikatoa kalamu ya baba kwa mikono miwili.

Nakijwa hakunyoosha mkono.

"Ni ya kweli, mwalimu, au ni ya somo?"

Nikasema ni ya kweli. Nikasema pia kwamba siku ile nilikosea. Mama yake akaendelea kuyatazama maharage.

Nakijwa akafuta viganja kwenye gauni, akapokea. Nikamwonya kwamba inavuja. Akaingia ndani, akarudi na kile kipande chake cha penseli, akanipa. Mikono miwili. Nami nikapokea hivyo hivyo.

Naandika haya kwa hicho kipande. Ni kifupi sana, vidole vinauma.